Dagaa kwenye mteremko wangu

Hafidha mwanangu, wali umo chunguni. Mchuzi mpashie baba yako wewe, yeye ataunguza sufuria.

Asubuhi hii nimetoka na kiti changu cha magurudumu kwenda kufungua geti, kumbe umeanika dagaa kwenye mteremko wangu, juu hadi chini. Nimewasaga. Magurudumu yote yananuka, na bajaji imeshafika, sina muda wa kuyaosha.

~~Usianike tena pale.~~ Anika, pana jua zuri, ila uniachie njia.

Nakwenda kwenye kikao cha soko jipya la samaki. Mchoro wao una ngazi tu. Nitadai mteremko, tena mpana mara mbili, maana nawajua wanawake wa Bagamoyo: nusu nitapita mimi, nusu mtaanika.

Mama yako, anayenuka dagaa