Mlango wa Mama Anastazia

Elisabethville, Jumapili, baada ya misa ya pili

Mama yangu mpendwa, Mama Febronia,

Nakuamkia kutoka mbali, kwa mikono miwili kama ulivyonifundisha. Umeamkaje? Goti lako la kushoto limepata nafuu sasa mvua zimekwisha? Na dada Tereza na watoto wake, yule mdogo ameacha kukohoa? Mimi mwili wangu ni mzima. Ofisini naenda kila siku, chakula napata. Lakini moyo wangu hautulii, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Aliyeileta ni Mama Anastazia, mjane wa fundi seremala wa hapa mtaani kwetu Katuba. Tafadhali mpe kiti na maji kwanza. Amepanda lori la samaki, lile linalorudi Kasenga tupu, na njia mpaka kwenu Kasomeno ina mashimo mengi. Yeye hajui kusoma, nawe hujui, kwa hiyo mtafanya kama desturi yetu: mtamwita Baba Katekista asome kwa sauti, na aliyeleta barua ataketi pamoja nanyi asikie. Baba Katekista, nakusihi usiruke neno. Yaliyomo humu ndiyo niliyoshindwa kumwambia huyu mama usoni. Amebeba kosa langu mkononi mwake bila kujua. Amekuja kuona mlango wake katika nyumba yako, Mama, na wewe unajua kwamba mlango huo haupo.

Nianze mwanzo.

Wakati ule mvua zilipokuwa kali, Padri wetu alitangaza kanisani kwamba huko Ulaya bahari imevunja kingo zake, imeingia vijijini, na familia nyingi hazina pa kulala. Alitaka parokia yetu ichange ili wajengewe nyumba. Padri ni mgeni bado, Kiswahili chake ni kidogo, basi akanichagua mimi nitafsiri maneno yake na kukusanya michango. Unakumbuka kwamba ni yeye aliyeniandikia barua ya kupata kazi. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza kuniuliza.

Jumapili mbili kikapu kilirudi karibu kitupu. Watu wa Katuba si wachoyo, Mama. Lakini wengi wao wenyewe wanajenga. Kiwanja hiki kina ukuta wa kufika kiunoni, kile kina mabati yaliyolazwa chini na kuwekewa mawe, yanangoja kuta. Tena kulikuwa na jambo ambalo Padri hakulijua, na mimi nililijua tangu utoto. Kwetu mtu habebi nyasi za kuezekea bila kuambiwa ni nyumba ya nani. Jina hutajwa, ili mwenye nyumba ajue nani alikuja siku ile, naye aje siku nyumba yako itakapoanguka. Karatasi ya Padri ilikuwa na idadi ya nyumba tu. Jina hata moja halikuwamo.

Mzee mmoja, mfyatua matofali, alinisimamisha nje ya kanisa.

"Karani, zile nyumba ni za nani?"

"Za watu wa Ulaya, Baba. Maji yamewachukulia kila kitu."

"Ba nani? Bako na majina?"

"Majina sina."

"Alors, muntu asiye na jina, minamujengea namna gani? Yangu ikianguka, ni nani atakuya?"

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja akasema, "Mumuache, ye mwenyewe hayajenga hata nyumba ya kuku."

Nilikuwa na barua yako mfukoni, Mama. Ile uliyomwomba Baba Katekista akuandikie: kwamba ukuta wa nyuma umeanguka kwa mvua, kwamba mlango umeliwa na mchwa na unaziba kwa mkeka, kwamba usiku unaogopa unakwenda kulala kwa dada Tereza, na kama naweza nikusaidie. Ilikuwa imekaa humo wiki tatu. Sikuwa nimekujibu. Kila siku nilisema nitajibu kesho nikiwa na kitu cha kutuma, na kitu nilichokuwa nacho nilinunulia viatu vya ofisini. Basi Jumapili ya tatu, Padri ananitazama, kikapu kiko miguuni pangu, niliitoa barua yako nikaisoma mbele ya watu wote.

Nilijiambia nataka tu wasikie jinsi mtu anavyoishi nyumba ikianguka. Sikutaja jina lako. Nilipofika kwenye mkeka, wanawake waliokuwa wanabembeleza watoto waliinua vichwa. Ndipo Mama Anastazia akauliza kutoka nyuma, "Ule mama, jina yake nani?"

Wakati ule ningeweza kusema ukweli. Padri alikuwa anatabasamu. Nikajibu, "Ni Mama Febronia. Yuko upande wa Kasomeno." Na nikaongeza kwamba michango hii ni ya wote waliovunjiwa nyumba na maji, wa huko na wa huku. Hayo hakuna aliyeniambia. Niliyatunga nikiwa nimesimama. Sikusema pia kwamba wewe ni mama yangu, kwa aibu ya kuulizwa mwanao yuko wapi.

Wakatoa. Yule mzee wa matofali alitoa wa kwanza, akasema jina lake kwa nguvu, "Niandike, Mama Febronia asikie!" Kila mmoja alitaja jina lake nami nikaandika. Wengine walileta kuku, sufuria, kitambaa kipya. Vitu hivyo viliuzwa uani kwa parokia, na fedha yote ikaenda Ulaya pamoja na nyingine. Sisemi kwamba wale wa huko hawakustahili. Mtu aliyechukuliwa nyumba na maji ni yule yule popote alipo. Lakini walisaidiwa kwa jina lako, na wewe hukupata hata msumari mmoja.

Mama Anastazia alileta mlango. Marehemu mume wake aliuchonga kwa mti wa mulombwa, uwe wa nyumba yao ya Katuba, akafa kuta hazijapanda. Aliuleta kwa mkokoteni, kaka yake anasukuma, yeye ameushika ubavuni kama anamshika mgonjwa. Nilimwambia, "Mama, huu uweke, nyumba yako bado." Hilo nililisema kweli, ingawa kwa sauti ndogo.

"Nyumba yangu haiko," akanijibu. "Mulango itasimama peke yake namna gani, kama mulevi? Ule mama analala na mukeka. Peleka. Ikikaa kwake, ni kama bwana yangu iko bado anafanya kazi."

Uliuzwa siku ile ile. Msimamizi mmoja wa waashi aliununua, akautia katika nyumba yake kule Bel-Air. Magazini yetu, yaani bohari la ofisi, iko upande ule, kwa hiyo nauona kila asubuhi nikipita na baiskeli. Wameupaka rangi ya kijani. Siku moja nilijikaza nikapiga hodi, nikitaka kuwaomba waniuzie. Mke wa yule bwana akafungua.

"Unatafuta nani?"

"Samahani, Mama. Nimekosea nyumba."

"Muntu mukubwa hivi, na biatu inaangara, anapotea njia?"

Nikaondoka nikisukuma baiskeli.

Na jana Mama Anastazia alikuja kwangu, anacheka tangu mlangoni. "Karani, unakonda hivi, unakula karatasi?" Akaweka kikapu chini, akanionyesha chupa ya mafuta. "Siku ya kwanza, kesho kutwa, lori ya samaki inarudia Kasenga. Minaenda kuona mulango. Minabeba na mafuta ya kusugua, mbao ya bwana yangu isipopata mafuta kisha mvua kwisha, inapasuka. Uniandikie barua muzuri, ule mama asinifukuze."

Nilifungua kinywa nimwambie. Nikasikia sauti yangu inasema, "Ndiyo, Mama. Kesho jioni uje uichukue."

Miaka yote ya shule, Mama, na ndivyo nilivyoweza kufanya: kumpa huyu mama safari ya siku mbili juu ya lori, ili aambiwe na wengine jambo ambalo mimi ningemwambia hapa hapa kwa neno moja. Tangu asubuhi nimeandika barua nyingine mbili. Moja ilikuomba umwambie kwamba mlango umepelekwa kwa fundi. Nyingine ilikuomba umwambie umeibwa. Zote nimezichoma, kwa kuwa nilikuona wewe unasema uongo huo mbele yake, na macho yako yanatazama chini.

Kwa hiyo usinitetee. Mwonyeshe ukuta ulioanguka na mkeka, kama vilivyo. Akikuuliza mimi ni nani kwako, mwambie.

Mama Anastazia, sasa nasema nawe, najua umeketi hapo. Huyu Mama Febronia ni mama aliyenizaa. Hakujua lolote. Hakuomba chochote kwako. Aliomba kwangu, nami sikumpa. Kama una hasira, ije kwangu yote, kwake usibakize hata kidogo. Mlango wako uko Bel-Air, barabara ya magazini, nyumba ya msimamizi wa waashi, nao umepakwa kijani. Siwezi kukuahidi kwamba watauachia. Nitakachofanya ni hiki. Kabla lori halijarudi nitakwenda kwa Padri nimweleze, na Jumapili nitasimama pale pale niliposimama nisome majina yote niliyoandika, na niwaambie walichanga kwa nani hasa. Naogopa. Padri anaweza kuandika ofisini, kama alivyoandika mara ya kwanza. Na yule mzee wa matofali najua atakachosema, na atakuwa na haki. Siku utakayorudi nitakuwa mahali wanaposhusha samaki, nikiwa na baiskeli yangu. Tutakwenda Bel-Air pamoja, na safari hii nitabisha na nitabaki pale mlangoni. Nitawapa baiskeli, kama wataikubali. Ukiona ni afadhali uende bila mimi, niambie tu, nitakuelekeza njia nami nitabaki nyuma.

Mama, ukuta wako umekuwa wa mwisho tena katika barua hii, kama ulivyokuwa moyoni mwangu. Mwezi ujao nitaomba siku zangu za mapumziko, nije nifyatue matofali mwenyewe. Kama sina kazi tena, nitakuja mapema zaidi.

Nisalimie dada Tereza, umwambie asante kwa kukupa pa kulala, kazi iliyokuwa yangu. Nisalimie mjomba mvuvi, na bibi jirani aliyekuwa ananipa muhogo wa kuchoma nikitoka shule. Baba Katekista, nawe pole kwa kazi hii ya kusoma.

Kuna jambo moja tu bado. Ile chupa ya mafuta, Mama, hata akikupa usiipokee. Irudi kikapuni mwake. Rangi ya kijani tunaweza kuikwangua, yeye na mimi, akinikubali, na mbao itakuwa kavu, itayahitaji mafuta hayo.

Ni mimi mwanao, ninayeona haya kuandika neno hilo, na ambaye sina jingine,

Gaspard