Barafu ya Pamba

Jumapili, 25 Desemba 1977. Jua kali tangu asubuhi.

Leo nimekula Krismasi kwa dada yangu Zaina, Kisugu. Sisi ni Waislamu, mumewe ni Mkristo wa kaskazini, kapteni jeshini, na jambo hilo halijawahi kutugombanisha. Idi wanakuja kwetu, Krismasi tunakwenda kwao. Zamani ilikuwa kuku, wali, nguo mpya za watoto na majani ya mgomba mlangoni, basi. Tangu shemeji arudi kutoka kozi ya Ulaya, majani ya mgomba yamekuwa ushamba.

Sebuleni amesimamisha mti unaogusa dari, na kila tawi limejaa pamba.

"Kule barafu inafika mpaka hapa," akatuambia wageni, akigusa goti. "Watu ya kule, bila barafu hapana sikukuu." Akaeleza jinsi mzee wa ndevu nyeupe anavyowaletea watoto zawadi mwaka mpya, na jinsi Waingereza wanavyomwagia keki pombe na kuiwasha moto. Watu wakapiga makofi. Jasho linatutiririka, eti tunashangilia baridi!

Mimi nilikuwa naangalia karatasi ya buluu iliyoachwa chini ya mti. Naijua. Mimi ni nesi wa wodi ya wazazi, nimefungua karatasi hizo za mabunda ya pamba miaka sita.

Ile ni pamba yetu.

Jumanne askari walikuja hospitali na gari, wakabeba maboksi yote ya stoo. Nani angethubutu kuuliza? Tangu siku hiyo tunawaambia kina mama walete vitambaa vyao. Kitanda cha sita kuna mama aliyepasuliwa. Kidonda kinatoa usaha, nimekifunga kwa kipande cha busuti, gauni lake mwenyewe. Jana homa ilikuwa imempanda, akanishika mkono, akaniita kama wanavyotuita wauguzi: "Musawo, pamba bado?"

"Mulamu, shemeji yangu, wewe iko mrefu," shemeji akaniita, akinipa bonge la pamba. "Weka hii huko juu."

Nikaweka.

Nikaweka, nikatabasamu, nikala nyama yake sahani mbili. Najitia kinyaa. Baadaye nilimfuata Zaina jikoni, nikamwomba pamba, hata konzi moja.

"Chukua yote, Hadija, watoto wakimaliza kuiangalia," akasema. "Lakini tumeigandisha na uji wa muhogo."

Nilikwenda kuigusa. Imekakamaa, na sisimizi wameshaanza kuipanda.

Haya, niseme lote. Hakuna aliyepeleka habari za stoo yetu nyumba ile ila mimi. Jumatatu nilipita kwa Zaina, nikamwambia kwa furaha kwamba baada ya miezi miwili tumepata pamba, stoo imejaa. Nilikuwa nampa dada yangu habari njema. Yeye akampa mumewe. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, lakini mdomo ulikuwa wangu.

Kesho alfajiri nitachemsha shuka zangu mbili, nizichane, nimpelekee yule mama. Na Zaina akiniuliza habari za kazini, nitamwambia hakuna jipya.