Kipimo cha Bi Mkubwa

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umekaa, maana barua yenyewe ni ndefu. Natumaini u mzima, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kusimama kutwa kazini umepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo, ila bado ana nguvu za kugombana na kila mtu, kwa hiyo hatuna wasiwasi naye. Bi Mkubwa, mwanao, ameng'oka meno mawili ya mbele na bado anatembea mikono nyuma kama mkaguzi aliyekuja kututafutia makosa. Mimi nimechoka, dada. Si uchovu ule wa kulala ukaamka umepona. Nimechoka tangu mwaka juzi, na leo nataka kukueleza sababu.

Kabla hujaendelea nakuomba jambo moja: usiithibitishe ile nafasi ya shule ya bweni. Najua ulisema mwisho wa mwezi unakuja kumchukua, kwamba shule ile haina mchezo na wavivu na ndiyo dawa yake. Soma kwanza mpaka mwisho, halafu uamue.

Wiki iliyopita mwalimu wake aliniita tena. Ni mama mmoja mwembamba, mikono ya blauzi imejaa chaki, ana watoto sitini na mbili darasani na sauti imemkauka. Alinitandazia madaftari ya Bi Mkubwa mezani. Alisema mtoto ananakili ubaoni vizuri kuliko wote, herufi zimenyooka utadhani zimepigwa chapa, lakini akiambiwa asome alichoandika anakutazama mdomo akisubiri useme wewe. Anahesabu mpaka ishirini bila kukwama, ila ukimwomba akuletee chaki tatu anakuletea konzi nzima. Mwalimu aliniambia kwamba mwanzoni alidhani ni jeuri, kwa sababu aliiona ile ripoti ya kituo chetu cha kupima watoto uliyowapelekea, inayosema akili ya mtoto huyu imetangulia umri wake. Mwenye ripoti kama ile akishindwa, mtu anaona kiburi tu. Basi muhula mzima alikuwa akimsimamisha nyuma ya darasa. Alinieleza hayo akiwa ameinamisha macho, na mimi nikainamisha yangu.

Na wewe, dada, kila Jumapili unamuuliza alama. Unamwambia akili anazo, kilichomjaa ni uvivu. Sikulaumu, ulikuwa unaamini karatasi. Lakini tangu mwezi uliopita simu ikilia anakimbia kujibana kati ya kabati na ukuta, na hatoki mpaka nikate. Mimi nakwambia yuko nje anacheza. Hakuwa nje hata siku moja.

Kazi yangu unaijua kwa jina, ila sijawahi kukueleza ilivyo ndani. Chumba kina meza fupi, viti viwili na kuta tupu, ili mtoto asipate cha kushangaa. Kuna kasha la vipande vya mbao vya rangi, kitabu cha picha, na saa. Nauliza maswali yale yale, kwa maneno yale yale, hairuhusiwi kuongeza wala kupunguza. Chungwa na ndizi vinafanana nini? Mtoto akipatia sicheki, akikosea sinuni. Nasema tu haya, tuendelee. Miaka kumi na moja nasema hivyo, mpaka jirani alipokuja kunipa habari kwamba mumewe amehama nyumba, nikamjibu haya, tuendelee. Alininunia mwezi mzima, na alikuwa na haki.

Sheria ya kituo ni kwamba hupimi ndugu yako. Ndiyo maana ulipoandikiwa barua na mwalimu wa chekechea kwamba mtoto achunguzwe maendeleo yake, na ukaniomba apimwe, alipimwa na mwenzangu wa chumba cha pili. Alitoka mle ndani akicheka peke yake. Alisema tangu aanze kazi hajaona mtoto wa miaka mitano anayejibu kabla swali halijaisha. Wewe ulilia kwenye simu kwa furaha. Mama aliutangazia mtaa mzima, hata muuza mkaa alijua kwamba tuna mjukuu mwenye akili.

Jumamosi iliyopita, baada ya kutoka kwa mwalimu, nilimkalisha Bi Mkubwa mezani jikoni. Nikamuuliza chungwa na ndizi vinafanana nini, akajibu upesi kwamba vyote ni matunda. Nikamuuliza kiatu na soksi. Akatabasamu, akaniambia vyote ni matunda. Nikamuuliza na kiti na meza. Akasema matunda, safari hii taratibu, ananitazama mdomo. Nilikwenda kuosha uso, nikakaa huko bafuni mpaka Mama alipogonga mlango kuuliza kama nimefia humo.

Dada, majibu yale nilimfundisha mimi.

Mwaka ule kituo kilipata makasha mapya ya kipimo kile kile, tukaambiwa yale ya zamani yaliyochakaa yachomwe. Mimi nikachukua moja nikaja nalo nyumbani. Naapa, mwanzo ulikuwa mchezo. Wewe ulikuwa umeondoka karibuni, mtoto amenyamaza, nikatafuta cha kumchangamsha. Lakini siku ya kwanza tu niliona. Nilimpa vipande apange kama nilivyopanga mimi, akashindwa kufanya jambo ambalo mtoto wa miaka mitatu hufanya bila kufundishwa. Kazi yangu ni kuona, na niliona. Kisha ikaja barua ya chekechea, na siku ya kipimo ikapangwa. Wiki tatu, kila nikitoka kazini, tulikaa na lile kasha. Matunda, nguo, wanyama. Picha ya kwanza vipande huenda hivi, ya pili huenda vile. Alikuwa mwanafunzi mzuri sana, maskini, alitaka tu nifurahi. Fomu ya kituo humuuliza mlezi kama mtoto amewahi kuona vifaa vya kipimo. Niliandika hapana.

Nimejiuliza sana kwa nini. Ulikuwa ukipiga simu kila siku kuniuliza kama ulikosea kumwacha, nikaogopa kukuongezea mzigo. Hiyo ni sababu, lakini ndogo. Sababu kubwa ni aibu. Mimi ninayewaambia akina mama wa watu kwamba hii si laana, kwamba kujua mapema ni nusu ya msaada, jambo lilipoingia nyumbani kwangu nililifungia mlango. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi ya mtu mwingine, na anayeumbuka ni yeye, mbele ya watoto sitini na mmoja.

Ni miaka miwili niliyomwibia, dada, na ni ile miaka ambayo msaada hushika upesi zaidi. Sisemi tumechelewa kabisa. Sijui, na nimeacha kujifanya najua.

Jumatatu nilimweleza mkuu wa kituo kila kitu. Hakunigombeza. Alinyoosha mkono nikampa ufunguo wa chumba, na sasa napanga mafaili masjala nikisubiri uamuzi wao. Yule mwenzangu hanisalimii, maana jina lililo chini ya ripoti ni lake.

Ndani ya bahasha kuna fomu. Mtoto atapimwa upya na mtu wa kituo kingine, kwa vifaa ambavyo hajawahi kuviona, ili apelekwe darasa dogo linalomfaa. Inatakiwa sahihi ya mzazi. Mimi nikasirikie muda wowote utakao, hata usipojibu nitaelewa. Ila fomu itie sahihi, na Jumapili ukipiga simu usimuulize alama. Muulize amecheza nini.

Mama anakusalimu sana. Hili bado hajalijua, nitamwambia mwenyewe wiki hii. Wasalimie wenzako wote wa kazini, hasa yule anayekubebea vitu vizito.

Bi Mkubwa ameniona naandika akaomba kalamu. Hiyo mistari iliyo chini kabisa ya barua ni yake. Anasema ameandika mama. Mara hii sikumshika mkono.

Ni mimi, mdogo wako.