Jogoo wa Posa na Nzi wa Manyoya

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Shangazi yako alifika hapa Ngara Jumanne, vumbi la njia ya Runazi bado limemjaa miguuni, akanywa chai vikombe viwili kabla ya kusema ulichomtuma. Kwamba unaomba nikusamehe. Kwamba unataka kuja kuposa upya. Na kwamba, papo hapo, nikutumie nzi wa manyoya kumi na wawili, vile vyambo vya bandia vya kunasia samaki, kwa sababu huko Biharamulo umempata mgeni anayependa kuvulia nzi wa kufungwa kwa mkono, nawe umeshajitapa kuwa ni fundi. Nilicheka mpaka mama wa watu akaona aibu. Ningeweza kumpa yeye jibu akuletee, lakini wewe ulinisemea uongo mbele za watu. Basi na jibu lisomwe na watu.

Tuanze na huo ufundi wako. Ulirudi kutoka kumbebea mizigo Mzungu mmoja aliyekuja kuvua mto Ruvubu, una kopo la ndoana ndogondogo na nzi wawili aliokuachia. Ukanikalisha kwenye benchi la jikoni kwetu uanze kunifundisha jambo uliloliona mara tatu. Tulichukua koleo ya baba, tukafunga mipini yake kwa mpira wa baiskeli ili midomo ibane ndoana, mikono ibaki huru. Lilikuwa wazo zuri. Lilikuwa langu.

Nzi wako wa kwanza alikuwa mnene kama mswaki uliochakaa. Ulimvika manyoya mekundu na ya bluu, ukamzungushia uzi wa dhahabu uliouchomoa kwenye mtandio wa dada yako, ukaendelea kuzungusha hadi tundu la ndoana likaziba, mshipi ukakosa pa kupita. Nikakuambia, "Acha nafasi hapo mbele, hata upana wa ukucha wa mtoto."

"Wewe utajua nini habari za nzi?" ukasema.

Nimekulia kwenye zizi la ng'ombe, bwana. Nzi nawajua kuliko ndugu zangu.

Ulimpeleka yule nzi dukani, watu wakampitisha mkono kwa mkono wakishangaa, nawe ukarudi umevimba kichwa. Mtoni hakuguswa na samaki hata mmoja. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ulikuwa unafunga nzi kwa ajili ya macho ya watu, na samaki hukumfikiria kabisa.

Mimi nilikwenda kukaa kwenye mawe na kutazama maji. Ilikuwa msimu wa kumbikumbi, iswa za kwetu, na zilipoanguka mtoni kuyu walipanda kuzidaka, wale samaki wa magamba makubwa wanaopenda maji yaendayo mbio. Nikarudi nyumbani nikafumua sweta la mama la kahawia, nikapata uzi wa mwili wa nzi. Mbele nikazungusha unyoya wa shingo ya jogoo raundi tatu tu, nikafunga fundo, nikapaka nta ya nyuki. Wa kwanza alifumuka majini. Wa pili alilala ubavu. Wa tano akamleta kuyu mrefu kama mkono wangu.

Siku ile nilikupenda, sitaficha. Ulirusha kofia kwa furaha ikaangukia majini, tukaikimbiza kando ya mto hadi kwenye matete, tukarudi tumelowa chapachapa. Tukamchoma samaki ukanipa tumbo lote. "Tutaishi vizuri sisi," ulisema, nami nikaamini. Kesho yake nilisikia dukani kwamba nzi yule ulimfunga wewe. Nikanyamaza. Nilidhani ndiyo heshima ya mchumba.

Ukataka wengi. Nikakueleza kwamba unyoya wa tetea ni laini, unakunywa maji na kuzama. Unahitajika wa jogoo mzima, tena wa shingoni. Nikakuambia uende Benaco kwa wachinja kuku, manyoya wanayatupa. Ukaona ni mbali. Pale kwenu alikuwepo jogoo mwekundu, amefungwa mguu, anasubiri siku ya posa yetu. Wiki nzima ukamnyonyoa shingo, unyoya baada ya unyoya, wala hukuniambia.

Unajua vizuri kwamba kwetu jogoo wa posa hapokelewi kama mzigo. Shangazi yangu alimpakata mbele ya wazee, akampapasa kuanzia kilemba, maana jogoo mwenye kasoro ni dharau kwa nyumba ya binti. Alipofika shingoni mkono ukasimama.

"Mbega," akakuita, "huyu ni kuku gani?"

"Ni kishingo, shangazi. Kazaliwa hivyo, shingo tupu."

Kishingo! Unamwambia hivyo mwanamke aliyefuga kuku tangu usichana wake. "Kishingo hana vishina vya manyoya," akasema. "Huyu kanyonyolewa."

Ungesema "ni mimi", wangecheka. Wangekudai jogoo mwingine, na leo tungekuwa na watoto. Lakini ulininyooshea kidole. "Ni yeye. Alikuja kwetu Jumapili akataka manyoya."

Hukunisingizia manyoya tu. Ulisema mbele ya wazee kwamba nimekanyaga ua wenu kabla ya posa, na kwetu hiyo ni aibu ya binti na ya baba yake. Nilikutazama nikingoja ujisahihishe, wewe ukawa unamtazama kuku. Pombe yenu ya ndizi ikarudishwa bila kuonjwa.

Asubuhi nilimweleza baba yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Nimekusikia, mwanangu. Ila neno lililosemwa mbele ya wazee hufutwa na aliyelisema, mbele ya wazee. Atakuja." Wewe ulikuwa umeshapanda gari la Biharamulo. Kisimani wakaniita Mama Kishingo. Mwaka wa kwanza nililia, wa pili nikaanza kuitika.

Nzi hupati hata mmoja. Jifunze. Tazama mto kabla hujagusa uzi, usijaze manyoya, na ukikosea, fumua uanze tena badala ya kutafuta wa kumlaumu. Mgeni wako atakugundua siku ya kwanza. Njia ya mwongo ni fupi. Kuhusu posa, jibu ni hapana. Mlevi ningemfikiria. Maskini ningemfuata. Mwoga simtaki hata kwa jirani.

Limebaki la msamaha. Shangazi yako alisema unataka kumwomba na baba pia, faraghani, ninyi wawili tu. Hata hapo ulitafuta kichaka. Nilipomjibu baba yuko wapi, ndipo shangazi yako alipolia, kwani hakuwa amesikia.

Baba tulimzika wakati wa kuvuna maharage. Miezi ya mwisho hakuweza kukaa bila kushikwa, lakini kila gari lilipopunguza mwendo barabarani aliomba avalishwe shati, usije ukamkuta yuko hivyohivyo. Nilimfunga vifungo mimi mwenyewe, kila mara, nikijua si wewe.

Kaburi liko nyuma ya nyumba, penye migomba. Wazee watatu wa siku ile wangali hai, na shangazi yangu pia. Ukija nitawaita, utasema kwa sauti ni nani aliyemnyonyoa jogoo, kisha utaondoka. Mimi sitakusindikiza.

Ni mimi uliyeninyooshea kidole,
binti wa mzee aliyekungoja.