Mama anataka ukuta wa rangi ya dampo

Mpendwa Shangazi Yusta,

Shikamoo. Nakuomba unisaidie, na unisamehe nikiandika sana, maana nimeolewa mwezi uliopita na bado sijazoea, kila nikitaja jina la mume wangu nacheka peke yangu, hata sasa nacheka. Anaitwa Shamsudin, tunaishi Ilomba hapa Mbeya, na sijawahi kuona mwanamume anayependa kazi yake na mke wake kwa pamoja namna ile.

Kazi yake iko dampo. Jioni magari yakishamwaga taka na tingatinga likishazishindilia, yeye anashika mpira mkubwa na kuzipulizia uji mzito wa karatasi zilizolowekwa, udongo wa mfinyanzi, gundi na vumbi la mbao kutoka Mafinga, ukikauka unakuwa ganda, basi nzi hawatui, mifuko hairuki, harufu inabaki chini, kunguru wanazunguka hawaelewi chakula kimeenda wapi, na kesho yake taka nyingine zinamwagwa juu ya ganda hilo. Zamani walifunika kwa kifusi, dampo likawa linajaa udongo kuliko taka. Uji huo wanautia rangi ya kijani ili mpuliziaji aone amefika wapi. Siku moja nilimpelekea chai nikamkuta amesimama juu ya kilima kile, taka zote kijani kama shamba la chai, nikajisemea huyu mtu anafunika taka kama anayemfunika mtoto aliyelala, na mimi ndiye mke wake.

Sasa tatizo. Mshenga wetu alikuwa baba yake mdogo, mzee Zubery, na alipokuja kuposa kwetu Chimala aliona neno dampo litaharibu posa, akamwambia mama kwamba kijana ni fundi rangi. Shamsudin mwenyewe aliniambia ukweli kabla sijakubali, nikazidi kumpenda, lakini mama hatukumwambia, tukangoja harusi ipite, kisha tukangoja fungate iishe, kisha tukawa tunangoja tu. Siku ya ndoa mama akaona kijani kwenye kucha za mkwe wake, imegoma kutoka hata kwa limau, akaipenda. Juzi amepiga simu kwamba mdogo wangu Nasrin anaolewa, nyumba ipakwe rangi, na anataka ile ile ya kwenye kucha. Mama ana mashine ya kukoboa mpunga, na nyuma ya nyumba kuna mlima wa pumba ambao upepo ukivuma unaingia mpaka kwenye sufuria za majirani, kwa hiyo anataka wageni waangalie ukuta wasahau pumba.

Mkwe mpya atakataaje jambo la kwanza analoombwa na mama mkwe? Shamsudin alijibu, "Ndiyo mama, nitakuja." Nikadhani anatania. Hatanii, Shangazi, amepanga kupulizia nyumba ya mama ule uji wa dampo, anasema akizidisha gundi utashika. Alijaribu kwenye jiko letu la nje, ukapendeza hadi nikapiga picha, mvua iliponyesha ukuta wote ukateremka hadi mlangoni kwa mwenye nyumba wetu, mama Marta, akaukanyaga, akaniita, "Bi harusi, ukuta wenu umekuja kunisalimia."

Mimi nilicheka, Shamsudin hakucheka. Sasa anachanganya upya na ananiangalia kwa macho yake yale, "Mke wangu, safari hii utashika, sivyo?" nami najibu utashika, maana siwezi kumvunja moyo. Nikimwambia mama ukweli mume wangu ataonekana mwongo, nisipomwambia nyumba itayeyuka mbele ya wakwe wa Nasrin wanaotoka Iringa, na mvua ndiyo hii. Nifanyeje?

Nusrat, Ilomba

*

Nusrat mwanangu,

Marahaba, na hongera. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilicheka nikapoteza mstari. Sasa nikugombeze.

Uji ule umetengenezwa uishi mpaka magari ya kesho yafike. Mumeo anajua hivyo kuliko mimi na wewe. Si mjinga, anamwogopa mama yako, na anakuuliza kama utashika kwa sababu anatafuta mtu mmoja wa kumwambia hautashika. Mtu huyo ni wewe. Wewe unamwitikia, kisha unasema ni mapenzi. Acha hayo. Mwambie leo, akiwa ameshakula.

Uongo aliuanza mzee Zubery, nanyi mkahamia ndani yake na mizigo yenu. Kazi ya mshenga haiishi siku ya pilau. Mwiteni, aende Chimala aseme kwa mdomo wake alichokificha, nanyi mkae pembeni yake. Shamsudin aombe radhi kwa kunyamaza, lakini kwa dampo asiombe radhi hata kidogo. Aieleze kazi yake kama ulivyonieleza wewe, mimi niliyekuwa nafunga pua nikipita karibu na dampo sasa natamani kwenda kuangalia. Mama atafoka. Mwacheni afoke, chai ipoe.

Kisha ukuta mtafutieni fundi rangi wa kweli. Mumeo kazi yake iko nyuma ya nyumba. Mbona hamkuuona mlima wa pumba? Aombe ruhusa kazini, achanganye uji wake, aufunike mlima wote kabla wageni hawajafika, na mvua ikiuchubua aupulizie tena kama alivyozoea. Pumba zisipotua kwenye pilau, majirani watauliza nani kafanya kazi ile, na neno dampo litamtoka mama yako mwenyewe, tena kwa sauti.

Nawe simama karibu yake umshikie mpira. Akikugeukia pale kukuuliza kama utashika, hapo ndipo umjibu ndiyo.

Shangazi Yusta