Mapipa Yenye Matundu ya Risasi

Itebero, Walikale
Tarehe 9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Plamedi,

Pokea salamu za dada yako ambaye bado anapumua. Kifua kimeacha kukusumbua? Shangazi Solange bado anakulazimisha kula wale samaki wa Kisangani wenye miiba? Mimi ni mzima, isipokuwa kiganja cha kulia kimeungua, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Barua yako niliipata kwa dereva wa pikipiki, imelowa lakini inasomeka. Unasema umechoka kujifunza kuchomelea vyuma, unataka kurudi Masisi uchukue bunduki, uwatafute waliomuua Papa, baba yetu. Nilitamani uwe karibu nikuzabe kibao. Kisha nikalia, maana mimi nilikutangulia.

Hukuwapo siku ile. Waliwapiga ng'ombe risasi mmoja mmoja, wote kumi na mmoja, Papa akitazama. Papa alipomshika mkono mmoja wa wale wauaji, akapigwa risasi ya shingo mlangoni pa chumba alimogandishia maziwa kuwa fromaji. Muuaji akamvua saa, akakata kipande cha fromaji, akala amesimama. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya kuni.

Nilifika Itebero mikono mitupu. Huku msituni hakuna ng'ombe, na miezi mitatu nilikaa nikisema kazi yangu ya fromaji imekufa. Mama Généreuse, aliyenipokea nyumbani kwake, anapika mawese, na mafuta yake yalikuwa yakiharibika kabla ya kufika sokoni. Nikaanza kusafisha vyombo kwa maji ya moto, kusimamia moto usizidi, kungoja maji yote yaishe ndani ya mafuta. Ni yale yale Papa aliyonifundisha kwa maziwa, tena kwa makofi. Mafuta yakaanza kudumu. Wanawake tisa wakaja kujifunza, tukapata na mapipa mawili.

Mwezi jana akaja mtu mwenye bunduki, wenzake wamebaki njiani.

"Mama, leta mafuta," akasema. "Sisi njo tunachunga hii fasi, kijiji yote."

Aliponyoosha mkono nikaona saa ya Papa, kioo kimepasuka vile vile kama Papa alivyokuwa akiivaa. Plamedi, sikufikiri. Nilichota mafuta yanayochemka nikammwagia usoni. Alilia kama mbuzi anayechinjwa, nami nilifurahi. Nakuandikia ukweli, nilifurahi.

Nilikimbilia msituni. Mama Généreuse ana miguu mibovu, hakuweza. Wale wenzake walimuuliza niko wapi, akanyamaza, wakamvunja mkono kwa kitako cha bunduki. Wakamuuliza tena, wakauvunja na wa pili. Kisha wakamimina risasi kwenye mapipa. Yule niliyemchoma, nasikia anaishi, na saa bado anayo.

Usiniambie hasira hasara. Hiyo naijua tangu shule na haikunizuia. Niliporudi, nikawa namlisha Mama Généreuse kwa kijiko. Siku ya tatu akaniambia, "Adelaïde, hasira yako iko na haki. Lakini mikono yangu njo ililipa." Hakulisema tena; akafungua kinywa, nikampa kijiko kingine.

Sasa tumeanza upya. Matundu ni kumi na saba. Nayaziba kwa vijiti na udongo, lakini moto ukikolea vinachomoka na mafuta yanamwagika; ndivyo nilivyoungua. Kijiji kizima hakuna anayejua kuchomelea. Wa kutoboa tunao tele.

Kwa hiyo maliza hiyo miezi mitano iliyobaki, hata kama Papa Séraphin anayekufundisha ni fundi mkali. Kisha uje huku, si Masisi. Nimekwisha kumwambia Mama Généreuse kwamba fundi wa mapipa yuko njiani, na sikukuomba ruhusa. Tangu hapo kila pikipiki ikilia anatazama barabarani.

Msalimie Shangazi Solange, na binamu yetu Carmel. Mungu akulindie mikono yako, yote miwili.

Dada yako akupendaye hata akikukaripia,
Adelaïde