Zamu ya Maji Nyumbani kwa Mwalimu

Atupele dada yangu,

Wamerudisha zamu. Nilitaka nianze kwa kukueleza kwamba mama yako sasa anakula kidogo, na kwamba tumepalilia pale ulipolala, lakini mkono umekataa. Wamerudisha zamu, na kaburi lako hata masika ya kwanza halijayaona.

Unakumbuka ulivyoikomesha. Kila jioni msichana mmoja alipelekwa nyumbani kwa mwalimu asiye na mke, amchotee maji, amfagilie, ampikie. Wazazi wa hapa Uyole waliona ni heshima. Wengine walimtuma binti pamoja na kuku. Wewe ukasimama mbele ya kamati ya shule, ukasema madebe yote yaishie barazani pa shule, mwalimu mwenye kiu aje achukue lake. Mzee mmoja akakuuliza, "Sasa Bibi Mwalimu, nani atampikia ugali?" Ukamjibu, "Kwani mikono yake imekatika, baba?" Walicheka mpaka wakakubali. Mimi, mwalimu mwenzako, ningewatukana, na tungeshindwa.

Safari hii nimewatukana.

Lugano, yule msichana mrefu wa darasa la tano uliyemfundisha kushona, alipelekwa kwa mwalimu mgeni aliyeletwa baada yako. Mwalimu akafunga mlango, akamshika. Lugano alimmwagia debe zima la maji, akatoka mbio. Alikuja kwangu amelowa, na mimi ninayesoma kila gazeti linalofika Mbeya nikaanza kumuuliza maswali. Wewe ungempa kwanza nguo kavu.

Niliitisha kamati. Watu walewale wanaopaza sauti za uhuru kila mkutano, wanaotaka Mwingereza aondoke kwa kuwa anatudharau, waliniuliza kwa nini binti alikwenda kwa mwanamume jioni. Nani alimpangia hiyo jioni kama si wao? Wakaamua mwalimu amalize muhula, kisha ahamishiwe shule ya Idodi, na asifiwe vizuri ili shule isichafuke jina. Nikawaambia hata Idodi kuna mabinti. Mwenyekiti akanijibu, "Sefu, wewe Mswahili wa mjini, usitufundishe kulea." Nilimwambia mambo ambayo siwezi kuyaandika kwa marehemu.

Baba yake Lugano naye amemzuia shule. Anasema binti aliyefungiwa ndani na mwanamume ameshaolewa, kilichobaki ni ng'ombe wa mahari tu. Na mwalimu, nasikia, anatafuta ng'ombe. Atupele, dawa waliyompatia mtoto ni kumrudisha ndani ya nyumba ileile aliyoikimbia, safari hii kwa shangwe na ngoma.

Leo nilikwenda kwao. Nilimkuta anapukuchua mahindi, hakuinua macho. Nilisema nimeandika kwa Afisa Elimu, na nikasikia mwenyewe jinsi maneno yangu yalivyo mepesi. Hakuuliza atarudi lini darasani. Aliuliza, "Mwalimu, Jumatatu ni zamu ya nani?"

Ni ya mdogo wake.

Basi nakuahidi wewe, maana kwa walio hai neno langu limechakaa. Jumatatu debe nitalibeba mimi. Nitalibeba kichwani, kama wanavyobeba wasichana, nipite katikati ya soko wanaume wote wanione, wacheke mpaka wachoke. Nitalitua mlangoni kwa mwalimu yule na kukaa hapohapo mpaka aone haya au anipige. Jumanne vilevile. Siku ng'ombe akiletwa, atanikuta nimesimama uani kwa baba yake Lugano, na hawatamfunga ng'ombe huyo kabla hawajanisikia. Na mwalimu akihamishwa, nitatangulia mimi Idodi, niwaambie wazazi wa huko kabla hajashusha sanduku lake.

Sijui kama itatosha. Nadhani haitatosha. Ningekuwa na ule utani wako pengine wangenisikiliza, lakini umeondoka nao, na mimi nimebaki na hasira tu, nayo naona inawachosha.

Pumzika, dada yangu. Jumatatu, kengele ikilia, yule mdogo atakwenda moja kwa moja kwa mama yake.

Sefu